Mwaka Mpya wa Kibuyuni: Kutoka Miongo ya Pepo hadi Likizo ya Desemba

Kibuyuni ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani katika kaunti ya Kwale, kilichopo kwenye ukingo wa bara unaokitazama kisiwa cha Wasini, magharibi kidogo mwa Shimoni na si mbali na mpaka wa Kenya na Tanzania. Wenyeji wa ukanda huu ni Wachifundi, ambao hujiita pia Washirazi, na majirani zao ni Wavumba wa Wasini na Vanga, Wadigo wa upande wa bara, na Wapemba ambao kwa vizazi kadhaa wamekuwa wakiuvuka mkondo unaotenganisha kisiwa chao na pwani ya Kenya. Katika mazingira haya mwaka haukuwa na mwanzo mmoja. Ulikuwapo mwaka wa jua wa mabaharia na wakulima, uliofunguliwa kwa Siku ya Mwaka, ambayo huitwa pia Nairuzi. Ukawapo mwaka wa mwezi wa Kiislamu, unaotawala saumu, hija na maulidi. Na baadaye ukaja mwaka wa serikali, unaoanza Januari 1 na kushika hatamu za shule, mishahara na likizo. Makala haya yanafuatilia namna siku ya kuanza mwaka, pamoja na desturi ya jamaa kurudi nyumbani, ilivyohama kutoka majira hadi majira, na hoja yake ni kwamba tarehe peke yake haikuwahi kuwakusanya watu: ndugu walikutana pale kazi ilipowaachilia, na kazi ilipobadilika, sikukuu nayo ikahama.

Maisha ya pwani hii yaligawanywa na pepo mbili kabla ya kugawanywa na kalenda yoyote. Kaskazi, upepo unaotoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na huja na joto, anga kavu na bahari tulivu. Kusi huingia Aprili pamoja na mvua za masika, hupata nguvu Juni na Julai, kisha hulegea kuanzia mwishoni mwa Agosti, katika kipindi kinachoitwa demani. Majahazi ya Oman, Ghuba na Kachi yalishuka na kaskazi yakapanda na kusi, na bandari ndogo za kusini, kama Gazi, Wasini na Vanga, zilipata fungu lao katika biashara hiyo, hasa kwa boriti za mikoko zilizohitajika sana katika nchi zisizo na miti ya kujengea. Mkulima naye aliifuata saa hiyo hiyo, kwani masika ndiyo iliyoleta mavuno makubwa, na vuli, mvua ndogo za mwisho wa mwaka wa Kizungu, ilikuwa ya kujazia.

Mwaka wa mwezi haukufaa kuhesabia majira haya, kwa kuwa una siku 354 au 355 tu, na hivyo hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka ukilinganishwa na jua. Ndiyo sababu Waswahili wakawa na hesabu ya pili, yenye asili ya Uajemi na iliyosambazwa na mabaharia katika Bahari ya Hindi nzima, ambayo iliupa mwaka siku 365 kamili. Siku hizo ziligawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, ambayo jumla yake ni miongo 36, pamoja na siku tano za ziada zinazofunga mwaka. Aliyetaka kujua wakati wa kupanda mtama, wa kupandisha chombo pwani au wa kutweka tanga kwa safari ya mbali hakutaja mwezi, bali alitaja mwongo, na wazee waliozijua hesabu hizo waliheshimiwa kama wanavyoheshimiwa leo watu wa utabiri wa hali ya hewa, pengine na kwa imani kubwa zaidi.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro moja, ambayo ndiyo inayoifanya historia yake ivutie. Haikuongeza siku moja kila baada ya miaka minne kama ifanyavyo kalenda ya Kizungu, na kwa hiyo Siku ya Mwaka ilirudi nyuma polepole dhidi ya jua, siku moja katika kila miaka minne, karibu siku 24 katika kila miaka mia. Katika karne ya 15, wakati Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri kutoka Julfar katika Ghuba, alipoandika tungo na vitabu vyake vya urubani na kutaja nyakati za kung'oa nanga kwa kuhesabu siku za Nairuzi, siku ya kwanza ilikuwa katika mwezi wa Novemba, yaani mlangoni mwa kaskazi. Kufikia katikati ya karne ya 19 ilikuwa imerudi hadi mwishoni mwa Agosti. Leo huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako sherehe ya Mwaka Kogwa ingali hai, huangukia katika juma la tatu au la nne la Julai. Ingechukua takriban miaka 1,500 kwa siku hiyo kuuzunguka mwaka mzima na kurudi ilikoanzia, na hakuna kizazi ambacho kingeuona mwendo huo kwa macho. Kila kizazi kiliikuta Siku ya Mwaka mahali fulani penye majira fulani, kikadhani kwamba ndipo ilipokuwa siku zote.

Desturi zenyewe za siku hiyo zinajulikana vizuri kutokana na maandishi na kutokana na zile zilizobaki. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, ambaye kitabu chake cha kufunza Kiswahili kilitoka mwaka 1870, anaeleza kwamba Unguja watu walioga baharini, vyakula vingi vikapikwa na kugawiwa, na moto wa zamani ukazimwa majumbani ili uwashwe mwingine mpya kwa kupekecha vijiti viwili, ingawa desturi hiyo ya mwisho ilikuwa ikififia wakati wake. Anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi wa leo wangelishangaa, kwamba zamani damu iliyomwagwa siku hiyo haikuulizwa, na kwamba watu wenye visasi walivihifadhi hadi Siku ya Mwaka ili wavimalize hadharani. Makunduchi imehifadhi kivuli cha jambo hilo katika mapambano ya migomba, ambapo wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya migomba huku wanawake wakiimba, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto na mzee aliye ndani hutoka mbio akiwa salama. Mombasa ilichukua njia ya utulivu zaidi: huko siku hiyo iliambatana na kaburi la Shehe Mvita, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa mji, pamoja na Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa mji huo, ambao huzungusha ng'ombe mjini huku Kurani ikisomwa, kisha wakamchinja na kugawana nyama. Kuoga, kufagia, kuzima moto na kuuzungusha mnyama mjini ni vitendo vya namna moja, kwa maana ya kwamba vyote huondoa uchafu na nuksi za mwaka uliokwisha na kuuzungushia mji kinga mpya.

Pwani ya kusini ya Kenya iko kati ya vituo hivyo viwili, Mombasa upande mmoja na Unguja na Pemba upande wa pili, na ilishiriki mila ile ile ya mwaka. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni wakati. Mwishoni mwa Agosti, ambapo Siku ya Mwaka iliangukia katika enzi ya Steere, mavuno ya masika yalikuwa yamekwisha kuingia ghalani, na vyombo vya baharini, vilivyopandishwa pwani wakati kusi lilipochacha, vilikuwa vikikalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa zake kwa pamba, na kupakwa deheni ili viwe tayari kwa demani. Fundi, mvuvi na baharia wote walikuwa nchi kavu. Chakula kilikuwapo, wanaume walikuwapo, na bahari ilikuwa haijafunguka vizuri. Sikukuu ya jamaa wote isingepata nafasi bora kuliko hiyo, na inaelekea kwamba uchangamfu wake katika karne ya 19 ulitokana na sadfa hii ya hesabu kuliko utukufu wowote wa siku yenyewe. Wakati wa Ibn Majid, Nairuzi ilipokuwa Novemba, ilifungua msimu wa safari, na mtu anayejiandaa kuondoka husherehekea kwa namna tofauti na mtu aliyerudi.

Kaskazi, kwa hakika, ulikuwa msimu wa kutawanyika. Bahari ikitulia, wavuvi hupiga dago, yaani huhama na vyombo vyao kwenda kuweka kambi ya muda katika kisiwa au ufuo wa mbali, wakajenga vibanda vya makuti, wakavua, wakakausha au kuuza samaki, na wasirudi makwao kwa majuma au miezi. Wapemba walilifanya dago la pwani ya Kenya kuwa sehemu ya mwaka wao, wakifuata samaki wakubwa wa Mkondo wa Pemba, nguru na jodari, ambao hupatikana kwa wingi zaidi katika miezi ya kaskazi. Wengine wakaoa, wakazaa, wakabaki. Watoto na wajukuu wao waliishi katika vijiji vya Kwale bila vitambulisho vya taifa hadi serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi mwaka 2023, na kwa watu hao hata safari fupi ya kumtembelea shangazi Mombasa ilipitia vizuizi vya polisi kwa mashaka. Uanzishwaji wa hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti katika miaka ya 1970 nao uliyapunguza maeneo ambayo mvuvi wa Shimoni au Kibuyuni angeweza kuyaendea. Lakini kanuni ilidumu kwa muda mrefu: Desemba na Januari ilikuwa miezi ya kuwakosa wanaume nyumbani, na mtu ambaye angewaambia wazee wa karne ya 19 kwamba jamaa wote wangekuja kukutana katikati ya kaskazi angewachekesha.

Upande wa dini, mwaka ulihesabiwa kwa namna nyingine tena. Ingawa mwaka wa Hijria huanza kwa Muharramu, Waswahili waliipanga miezi yao kuanzia pale saumu inapofunguliwa, wakauita mwezi unaofuata Ramadhani Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa, kabla ya Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Kwa hesabu hiyo Muharramu ni Mfunguo Nne tu, mwezi wa kati usiokuwa na shamrashamra kubwa, na mwanzo halisi wa mwaka wa nyumbani ni Idd, kwa nguo mpya, sadaka na kuamkiana nyumba kwa nyumba. Wanazuoni warekebishaji wa Mombasa, ambao mashuhuri kati yao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwenye gazeti la Al-Islah la mwaka 1932, walizipiga vita mila walizoziona kuwa bidaa, yaani mambo yaliyozuliwa katika dini, na hali hiyo ya mawazo haikuweza kuiacha salama sherehe yenye asili ya Uajemi wa kabla ya Uislamu. Hata hivyo pigo kubwa zaidi kwa Siku ya Mwaka lilitoka kwingine. Mila hudhoofika upesi watu wake wanapokuwa kazini siku yake inapofika.

Ukanda wa maili kumi, yaani mwambao uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja na ambao Kibuyuni imo ndani yake, uliingia chini ya utawala wa Waingereza mwaka 1895 na kubaki katika hali hiyo ya bendera mbili hadi Desemba 12, 1963, Kenya ilipopata uhuru na Sultani akaacha madai yake. Utawala huo ulileta kalenda ya ofisi, pamoja na sikukuu za Desemba 25 na 26 na Januari 1, lakini kwa miongo mingi sikukuu hizo ziliwahusu maofisa, wamisheni na makarani tu. Mvuvi wa Kibuyuni hakuwa na sababu ya kuijua Januari 1, na Mdigo aliyekwenda kutafuta fedha Mombasa alikwenda kwa mpango wake mwenyewe. Kazi ya bandari ya Kilindini ilikuwa ya kibarua, ambapo mtu huajiriwa kwa siku na kulipwa kwa siku, na watu wa pwani waliipenda kwa sababu iliwaruhusu kufanya kazi siku kadhaa, kupata fedha ya kodi na nguo, kisha kurudi shambani mvua zikinyesha au kwenye shughuli ya ukoo ikitokea. Kivuko cha Likoni, kilichoanza mwaka 1937, kilirahisisha mwendo huo. Waajiri na serikali waliuona kuwa uvivu na vurugu. Kwa upande wa kibarua ulikuwa ndio uhuru wa kuwapo nyumbani siku yoyote anayohitajika.

Uhuru huo ulikatwa katika miaka ya 1950, baada ya migomo mikubwa ya Mombasa, ambayo maarufu zaidi ni ule wa Januari 1947, kuishawishi serikali kwamba kundi kubwa la vibarua wasiojulikana ni hatari. Wafanyakazi wa bandari waliandikishwa, idadi yao ikapunguzwa, na polepole kazi ya siku ikageuzwa kuwa kazi ya mwezi yenye mshahara na likizo ya mwaka. Mabadiliko haya yanaonekana madogo katika vitabu vya sheria, lakini kwa historia ya sikukuu za pwani ndiyo makubwa kuliko yote, kwa kuwa tangu hapo mtu hakuweza kurudi nyumbani mwongo ulipomwita. Alirudi alipopewa ruhusa, na ruhusa ya pamoja, inayowapata kaka wa bandarini, dada wa hospitalini na binamu wa Nairobi kwa wakati mmoja, ilipatikana Desemba peke yake. Kijiji cha Waislamu kikajikuta kinakusanyika kwa sababu ya Krismasi ya mwajiri. Barabara iliyowarudisha ilikuwa na msafara wa upande wa pili, maana wafanyakazi waliotoka bara kuja kukata miwa ya kiwanda cha sukari cha Ramisi, hadi kilipofungwa mwaka 1988, wao waliondoka Kwale mwezi huo huo kwenda makwao.

Shule zilikamilisha kile ambacho mshahara ulianzisha. Mwaka wa shule wa Kenya huanza Januari na kumalizika Novemba, na likizo yake ndefu huwaweka watoto nyumbani Desemba yote, kwa hiyo familia yenye mtoto wa shule haina tena uwezo wa kuchagua mwezi wa safari. Nguvu ya kalenda hiyo ilidhihirika ilipovurugika. Baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kufunguliwa kikamilifu Januari 2021, wizara iliubana mwaka ili kufidia muda uliopotea, na mwaka wa masomo ulioanza Julai 2021 ukaendelea hadi Machi 2022, huku watoto wakipata mapumziko ya siku chache tu kwenye Krismasi na mwaka mpya. Desemba ile ilikuwa na sikukuu zote zile kwenye kalenda, ikakosa watu wa kuzijaza nyumba. Mwaka wa masomo ulirudi mahali pake Januari 2023, na safari za Desemba zikarudi nao.

Kuna kundi moja la watu wa Kwale ambalo Desemba imelinyima kile ilichowapa wengine. Kuanzia miaka ya 1970 ufuo wa Diani ulijaa hoteli zilizotegemea watalii wa Ujerumani, Uingereza na Uswisi, ambao hukimbia baridi ya kwao na kuja kufungulia mwaka kwenye jua, na msimu wao mkubwa ni Desemba hadi Machi. Kaskazi iliyokuwa ikileta majahazi ikawa inaleta ndege za kukodi. Mpishi, mhudumu wa meza, mlinzi na mpiga ngoma wa hotelini hawapewi likizo kati ya Krismasi na wiki ya kwanza ya Januari. Wao hupumzika Aprili na Mei, masika inaponyesha na hoteli nyingine kufunga milango, yaani wakati ambapo watoto wako shuleni au wanakaribia kurudi, na mkeka wa jamaa umekwisha kukunjwa. Mtu wa Kibuyuni anayefanya kazi Diani, mwendo wa saa chache tu kutoka kwao, anaweza kuikosa nyumba yake usiku wa mwaka mpya wakati ndugu yake aliyetoka Nairobi amelala humo. Ni jambo la kejeli, lakini linafuata kanuni ile ile iliyowapeleka babu zake dago katika majira hayo.

Kwa wanaofika, njia ni ile ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, ambapo nauli ya matatu hupanda kadiri sikukuu zinavyokaribia, na kituo cha kushukia ni Kanana, penye njia panda ya Shimoni. Hapo bodaboda hungoja kwa safu. Abiria mmoja hupakiwa pamoja na begi lililofungwa kwa kamba nyuma, mfuko wa mchele mapajani na mtoto kati yake na dereva, na mizigo hiyo husimulia uchumi wa mwezi vizuri kuliko takwimu: kutoka mjini huja sukari, unga, mchele, leso za mama na shangazi, na simu iliyotengenezwa skrini, na mwanzoni mwa Januari mzigo unaorudi ni nazi, samaki wa kukaanga, korosho, na embe ambazo msimu wake huwa umepamba moto. Katika nyumba, wageni wanawake hulala chumbani na wenyeji wao, vijana hutandikiwa mikeka ukumbini na barazani, na kisima au bomba huwa na foleni kabla ya alfajiri.

Kwa kuwa siku yenyewe ya Januari 1 haina ibada wala mila ya kwake, familia zimeujaza mwezi kwa shughuli zao za zamani. Harusi huwekwa Desemba ili mjomba, ambaye kwa Wadigo kihistoria alikuwa na sauti kubwa kuliko baba katika mambo ya ukoo, aweze kuwapo bila kuomba ruhusa kazini. Sufuria za pilau huinjikwa usiku uani, ngoma ya sengenya au mchezo wa fimbo wa kirumbizi hupigwa pale ambapo kipaza sauti cha muziki wa kisasa hakijazimeza. Hitima, yaani kisomo cha kuwarehemu wafu kinachofuatiwa na chakula, nayo husogezwa kwenye mwezi huo, na makaburi huzuriwa na kupaliliwa na vijana ambao wasingeyajua kama wasingeletwa. Vikao vya kugawa mirathi au kumaliza ugomvi wa shamba hufanyika wakati huo pia, kwa sababu wahusika wote wapo, na hapo Desemba imeirithi kazi moja ya Siku ya Mwaka ambayo Steere aliieleza kwa upande wake wa damu. Mwaka mpya wenyewe umeachiwa vijana, ambao hufanya mandari, yaani matembezi ya kwenda kula nje ya mji, kwa mashua hadi Wasini au kwa matatu hadi ufuoni Diani.

Wanawake wa Kibuyuni, kwa upande wao, wana kalenda ya nne. Kilimo cha mwani kilijaribiwa katika pwani ya kusini kwa uongozi wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya katika miaka ya 1990, kikawa cha biashara kuanzia takriban mwaka 2010, na Kibuyuni ndiyo iliyokuwa kitovu chake, kwa ushirika ambao wanachama wake wengi ni wanawake. Mambo, yaani vigingi, huchomekwa mchangani, kamba hutandazwa kati yake, na vipande vya mbegu hufungwa kimoja kimoja. Zao huwa tayari baada ya takriban wiki sita. Kazi hii hufanyika katika bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hupwa mbali kuliko kawaida, na katika pwani hii kupwa kwa bamvua huja karibu na saa nne asubuhi. Siku hizo hazingoji sikukuu. Mwezi mpevu wa Mfunguo Saba uliangukia Januari 2, 2018, na mama mwenye kamba zake baharini alikuwa na siku mbili za kwanza za mwaka ule za kuchagua kati ya maji yaliyopwa na wageni waliolala ukumbini. Apitishe bamvua hilo, atasubiri takriban majuma mawili mengine, wakati joto la kaskazi, ambalo huudhoofisha mwani na kuufanya ukatike, likizidi kupanda. Kwa hiyo chai ya mwaka mpya huachiwa wasichana walioko likizo, na wageni kutoka mjini, wenye kupenda kusaidia na wasiojua kufunga mbegu, hutumwa kuanika.

Mwaka wa mwezi huingilia mpangilio huu kwa zamu yake. Usiku dunia ilipoupokea mwaka 2000 kwa fataki, Waislamu wa Kwale walikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, siku za kuutafuta usiku wa Laylatul-Qadri, na kilichowaamsha kabla ya alfajiri kilikuwa daku. Kisha zikaja Desemba tatu mfululizo, za 2000, 2001 na 2002, ambazo kila moja ilikuwa na Idd ndani yake, na kwa muda huo mfupi likizo ya mwajiri, likizo ya shule na sikukuu ya dini zikawa kitu kimoja. Wazee waliozikumbuka baadaye walizitaja kama miaka ambayo hakuna aliyekosekana. Hali ya kinyume inakaribia. Ramadhani inatarajiwa kuanza katika wiki ya mwisho ya Desemba 2030, na Idd itaangukia wiki ya mwisho ya Januari 2031, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa na wasafiri wamerudi makazini. Kwa desturi harusi hazifanywi katika mwezi wa saumu, kwa hiyo shughuli zote za likizo hiyo, pamoja na vikao vya ukoo vinavyohitaji chakula cha mchana, zitabidi zibanwe katika majuma matatu ya mwanzo ya Desemba, kabla mwezi haujaandama, wakati ambapo wengi wa wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi watakuwa bado hawajapewa ruhusa ya kuondoka.